Mwalimu wa uchumi akiingia bungeni: kisa cha Groves wa Wisconsin

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa uchumi hapa Mwanza. Wazee wa kata yetu nyumbani wananisukuma nigombee udiwani. Mke wangu anacheka, anasema nitawachorea madiwani grafu za mahitaji na ugavi mpaka walale. Rafiki yangu anayesoma Marekani ananiambia huko si ajabu profesa wa uchumi kukaa kwenye bunge la jimbo na bado akabaki mwalimu. Je, kuna aliyewahi kufanya jambo la maana humo, au ni heshima ya jina tu? Na uchumi aliokuwa akiufundisha ulimsaidia, au ilibidi auache mlangoni?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mkeo acheke tu. Anachokisema ndicho kinachowamaliza wasomi wengi wakishapewa kiti. Lakini rafiki yako naye hajakudanganya. Nitakujibu kwa kisa cha mtu mmoja, Harold Groves wa Wisconsin. Hata wachumi wengi hawamjui, ila mimi nikiulizwa ni nani alitoka darasa la uchumi, akaingia bunge la jimbo na kuacha kitu kinachofanya kazi hadi leo, jina lake ndilo hunijia kwanza.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Kwetu jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Kule jimbo ni dola ndani ya dola: lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake, kodi zake na bunge lake. Majimbo yako 50, na isipokuwa Nebraska, kila moja lina mabaraza mawili. Bunge la Wisconsin wakati wa Groves lilikuwa na wajumbe 100 katika baraza la chini na maseneta 33, na kikao chake cha kawaida kilifanyika kila baada ya miaka miwili.

Kwa nini profesa anaweza kukaa humo? Kwa sababu ya posho ndogo na vikao vifupi. Mpaka leo mjumbe wa baraza la chini la New Hampshire analipwa dola 200 kwa kipindi chote cha miaka miwili. Texas, jimbo kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya, bunge lake hukutana siku 140 kila mwaka wa pili, na mbunge hupata dola 600 kwa mwezi. Hakuna anayejenga nyumba kwa pesa hiyo. Kwa hiyo humo utawakuta mawakili, wakulima, wauza bima, wastaafu na walimu, kila mmoja na kazi yake ya kumlisha. Yapo majimbo kama California ambako ubunge ni kazi ya mwaka mzima yenye mshahara wa kueleweka, lakini si kawaida ya nchi nzima.

Na kuna mpaka mwingine ambao mchumi lazima aujue kabla hajanunua suti. Jimbo halichapishi noti. Halipangi riba. Karibu kila jimbo linabanwa na sheria yake lenyewe lisipitishe bajeti yenye pengo. Kwa hiyo ule uchumi mkubwa unaoupenda wewe, wa mfumuko wa bei na sera za fedha, hauna kiti pale. Kinachobaki ni kodi, shule, barabara, bima, leseni na sheria za kazi. Mambo madogo kwa jina, lakini ndiyo yanayomgusa mtu mfukoni.

Sasa Groves. Alizaliwa mwaka 1897 Lodi, mji mdogo kaskazini mwa Madison, makao makuu ya Wisconsin. Alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Madison, akapata udaktari wa uchumi mwaka 1927, akabaki kufundisha. Ukitaka kumwelewa lazima umjue aliyemfundisha, John R. Commons. Commons hakuwa mchumi wa kukaa na milinganyo. Aliwapeleka wanafunzi viwandani, kwenye vyama vya wafanyakazi, kwenye vyumba vya kamati za bunge, akawafundisha kuandika muswada kama fundi seremala anavyomfundisha mwanagenzi kupiga randa. Chuo na jengo la bunge pale Madison vimeunganishwa na mtaa mmoja, State Street, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Maprofesa walikuwa wakiutembea mtaa huo tangu enzi za gavana Robert La Follette, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1901 Charles McCarthy alianzisha hapo maktaba maalumu ya kuwasaidia wabunge kuandika sheria, na mwaka 1911 bunge lilipitisha sheria ya fidia kwa mfanyakazi anayeumia kazini, ambayo ilidumu mahakamani wakati sheria za namna hiyo kwingine zilikuwa zikipigwa chini.

Ile sheria ya 1911 ilimpa Commons wazo. Aliona kwamba mwenye kiwanda akishajua kila kidole kinachokatika kitamgharimu, ghafla anapata hela ya kununua kinga ya mashine. Akajiuliza: je, tukimtoza vilevile kila anapomwachisha mtu kazi? Huenda akajifunza kupanga uzalishaji wake vizuri, asiajiri mia mwezi wa tano na kufukuza themanini mwezi wa kumi. Mwaka 1921 seneta mmoja wa jimbo, Henry Huber, aliupeleka muswada wa Commons bungeni. Ukaanguka. Ukarudi kwa sura nyingine, ukaanguka tena. Miaka kumi hivi wazo hilo lilikuwa likiingia na kutoka kama mgonjwa asiyepona wala kufa.

Nataka uishike hiyo miaka kumi. Groves hakuingia bungeni na wazo lake. Aliingia na wazo la mwalimu wake ambalo limeshashindwa, na ambalo kila mbunge mzoefu pale alikuwa na sababu yake mfukoni ya kulikataa. Kwa mtazamo wangu huo ndio ulikuwa mtaji wake mkubwa. Pingamizi zote zilikuwa zimeshasemwa hadharani na kuandikwa. Kilichobaki ni kukaa nazo moja moja.

Alichaguliwa mwishoni mwa 1930, akaingia baraza la chini kutoka Madison kupitia kundi la wapenda mageuzi, Progressive, ndani ya chama cha Republican. Uchaguzi huohuo ulimleta gavana mpya, Philip La Follette, mtoto wa yule gavana wa zamani. Nchi ilikuwa imeanza kuzama kwenye mdororo mkuu wa uchumi. Kufikia 1933 karibu mtu mmoja katika kila wanne wenye kutafuta kazi Marekani hakuwa nayo. Milwaukee, mji wa Wisconsin wenye viwanda vya mashine, uliumia vibaya.

Muswada wenyewe aliuunda pamoja na wenzake wawili wa idara ya uchumi, Paul Raushenbush na mkewe Elizabeth Brandeis. Huyo mama alikuwa binti wa Louis Brandeis, jaji wa Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Kumbuka jina hilo, litarudi. Badala ya mfuko mmoja wa bima kwa waajiri wote, walipendekeza kila mwajiri awe na akaunti yake ya akiba. Wafanyakazi wake wakipunguzwa, wanalipwa kutoka akaunti hiyo na si nyingine. Asiyepunguza watu, akaunti inajaa na makato yanashuka.

Hapa ndipo mchumi anapoonekana, kwa hiyo tupige hesabu. Mwajiri alitakiwa kuchangia asilimia 2 ya mishahara mpaka akiba ifike dola 55 kwa kila mfanyakazi; kisha asilimia 1 mpaka ifike dola 75; kisha aache. Aliyeachishwa kazi angepata nusu ya mshahara wake, lakini si zaidi ya dola 10 kwa wiki, na si zaidi ya wiki 10 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kula zaidi ya dola 100. Kiwanda chenye watu mia, akaunti ikiwa na dola 5,500, kingeweza kuwalipa watu 55 mafao kamili kabla hakijakauka. Sasa chukua mfanyakazi wa dola 25 kwa wiki, nimetunga tu kwa mfano: asilimia 2 yake ni senti 50. Kufika dola 55 ni wiki 110. Zaidi ya miaka miwili ya kuchangia kabla akaunti haijafika kiwango cha kwanza! Ukishaiona hesabu hiyo, huhitaji kuambiwa kwa nini michango ilitangulia malipo kwa miaka miwili. Haikuwa ubaya wa moyo. Ni bomba lililohitaji muda kujaa.

Ukisoma namba hizo kama mwanafunzi wa uchumi utaziona ndogo, hata za aibu. Zisome tena kama mbunge. Bima ya kawaida inamtisha mwenye kiwanda kwa sababu hajui deni lake litaishia wapi. Hii ilikuwa na dari kila upande: dari ya makato, dari ya akiba, dari ya malipo, dari ya wiki. Mwajiri angeweza kuchukua penseli na kujua hasara yake kubwa kabisa usiku uleule. Groves alikuwa amekata mzizi wa hoja iliyouangusha muswada kwa miaka kumi, na aliukata kwa hesabu za darasa la saba.

Hoja nyingine haikukatika kirahisi. Chama cha wenye viwanda kilisema: mkitutoza sisi peke yetu, mwenzetu wa jimbo jirani la Illinois, ambaye hatozwi, atauza bei nafuu na atatuua. Hoja hii ni ya kweli, si kelele. Mchumi mwaminifu hawezi kuicheka. Bunge la jimbo haliwezi kuifunga mipaka. Groves na wenzake waliijibu kwa subira na mlango wa kutokea: sheria ilisema kwamba kama waajiri wa kutosha wataanzisha mipango yao ya hiari kabla ya tarehe fulani, ule ulazima hautaanza. Hawakuanzisha, lakini mlango ule uliwapa wabunge waoga mahali pa kusimama.

Wakulima? Wisconsin ni nchi ya maziwa na jibini, na viti vingi bungeni vilikuwa vya vijijini. Kazi za shambani zikaachwa nje ya sheria. Waajiri wadogo, wenye watu chini ya kumi, nao wakaachwa nje. Sikufichi, huo ulikuwa ununuzi wa kura. Kibarua wa shambani alikuwa na njaa ileile ya kibarua wa kiwanda, lakini angewekwa ndani, muswada ungezikwa pale ulipozikwa mara zote. Mimi ningepiga kura ya ndiyo na ningelala vibaya usiku huo. Wewe jipime mapema kama unaweza kulala vibaya namna hiyo, maana udiwani una usiku wa aina hiyo pia.

Upande wa wafanyakazi usidhani ulikuwa mteremko. Shirikisho la taifa la vyama vya wafanyakazi, AFL, lilipinga bima ya lazima mpaka mwishoni mwa 1932. Viongozi wake waliogopa serikali iingilie mambo ya vyama. Shirikisho la jimbo la Wisconsin ndilo lililosimama na muswada, wakati makao makuu yake yalikuwa yakinung'unika.

Muswada ulipelekwa kwenye kikao maalumu alichokiita gavana mwezi Novemba 1931. Ukapita mabaraza yote mawili. Januari 28, 1932, La Follette akautia saini, ukawa sheria ya kwanza Marekani ya fao la kukosa ajira. Jambo moja hunifurahisha kila nikisimulia habari hizi darasani: naibu gavana wa siku hiyo, aliyekuwa akiongoza Seneti, alikuwa Henry Huber yuleyule aliyeangushwa mwaka 1921.

Hapo simulizi nyingi huishia kwa makofi. Mimi nina malalamiko mawili.

La kwanza ni muda. Wenye viwanda waliomba ahueni wakapata, na michango haikuanza mpaka Julai 1934. Hundi ya kwanza ililipwa Agosti 1936, kwa mfanyakazi mmoja wa Madison: dola 15. Hesabu mwenyewe tangu Januari 1932. Sheria iliyopitishwa katikati ya njaa haikumlisha mtu hata mmoja kwa miaka minne na nusu. Aliyekuwa amekaa kwenye foleni ya supu Milwaukee baridi ile ya 1932, Groves hakumpa kitu.

La pili ni nadharia yenyewe, na hapa nakujibu swali lako la kama uchumi ulimsaidia. Nadharia ya Commons ilisema mwajiri akitozwa ataizuia ajali ya kukosa kazi kama anavyoizuia ajali ya mashine. Kwa kazi za msimu, ndiyo, kuna ukweli. Kiwanda kinaweza kupanga oda zake, kikaweka akiba ya bidhaa, kikapunguza panda-shuka. Lakini mdororo mkuu haukuletwa na upangaji mbaya wa mwenye kiwanda wa Milwaukee. Oda zilikauka dunia nzima. Hakuna kinga ya mashine inayozuia mteja asiye na pesa. Baya zaidi, akaunti za kila mwajiri peke yake zilimwacha mfanyakazi kwenye bahati: kiwanda kinachoanguka ndicho kinachofukuza watu wengi, na ndicho ambacho akaunti yake inakauka mapema. Anayehitaji sana ndiye anayepata kidogo. Isaac Rubinow, mtaalamu mkubwa wa bima ya jamii wa wakati huo, aliyasema haya waziwazi, na tume ya jimbo la Ohio ikapendekeza njia nyingine: mfuko mmoja, hatari igawanywe kwa wote. Kwa bima ya kawaida Ohio walikuwa sahihi. Mimi kwenye mtihani ningewapa Ohio alama nyingi zaidi.

Lakini Ohio walikuwa na ripoti. Wisconsin walikuwa na sheria.

Na sheria ikishakuwepo inaanza kuzaa mambo ambayo mwandishi wake hakuyawaza. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipotaka mpango wa nchi nzima, watu wenye uzoefu wa kuandika na kuendesha kitu cha namna hiyo walikuwa Madison. Raushenbush alishiriki kuandika muswada wa Wagner na Lewis wa 1934, wa bima ya kukosa ajira. Edwin Witte, mchumi wa chuo kilekile, ndiye aliyepewa kuiendesha kamati iliyoandaa Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyosainiwa Agosti 14, 1935. Arthur Altmeyer, naye wa Wisconsin na mwanafunzi wa Commons, akaingia kwenye bodi ya kuisimamia.

Ile hoja ya Illinois je? Hapo ndipo jina la Brandeis linaporudi. Jaji alimdokezea binti yake na mkwewe ujanja wa kodi uliokwisha kupita mahakamani kwenye kodi ya mirathi: serikali kuu iwatoze waajiri wote nchini, kisha imrudishie punguzo mwajiri ambaye jimbo lake lina mpango wake. Sheria ya 1935 ikaweka kodi ambayo ingepanda mpaka asilimia 3 ya mishahara, na mwajiri akasamehewa hadi asilimia 90 yake kama alishachangia kwenye mfuko wa jimbo. Ghafla jimbo lisilo na sheria ndilo lililokuwa likipoteza pesa. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu iliikubali kodi hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4, na mwaka huohuo majimbo yote yalikuwa na sheria zao. Kikwazo ambacho hakuna mbunge wa jimbo angeweza kukiondoa, kiliondolewa kwa kifungu kimoja cha kodi huko Washington. Na Machi 1932, wiki chache tu baada ya saini ya La Follette, jaji huyohuyo aliandika ile hoja yake maarufu kwamba jimbo moja lenye ujasiri linaweza kuwa maabara ya kujaribia sera bila kuihatarisha nchi nzima. Kesi yenyewe ilikuwa ya biashara ya barafu Oklahoma, lakini mimi siwezi kuisoma bila kuiona Madison nyuma yake.

Majimbo mengi hayakuchukua akaunti za Groves. Yalichukua mfuko wa pamoja, kama Ohio walivyotaka. Ila yakabakiza kiungo kimoja chake: kiwango cha mchango kifuate rekodi ya mwajiri ya kuachisha watu. Kiungo hicho kipo katika majimbo yote hadi leo, na wachumi bado wanabishana kama kinapunguza kufukuza watu au kinamfanya mwajiri apinge kila dai la mfanyakazi aliyefukuzwa. Mimi naona kinafanya yote mawili.

Groves mwenyewe hakung'ang'ania kiti. Gavana alimteua kwenye tume ya kodi ya jimbo. Katikati ya miaka ya 1930 akarudi bungeni, safari hii Seneti, kwa tiketi ya chama kipya cha Progressive kilichozaliwa 1934. Kisha akarudi darasani, akafundisha fedha za umma kwa miaka mingi na kuandika kitabu cha kiada kuhusu somo hilo. Alifariki 1969. Ukijumlisha miaka yake yote bungeni ni michache kuliko ya madiwani wengi unaowajua.

Utasema ni mmoja tu. Basi chukua wa pili kwa ufupi, ingawa yeye alikwenda mbali zaidi ya bunge la jimbo. Paul Douglas alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago. Ile kanuni ya Cobb na Douglas unayowafundisha wanafunzi wako, ya jinsi mtaji na nguvu kazi vinavyozaa bidhaa, ni ya kwake, ya mwaka 1928. Alianzia chini kabisa, pale unapoitwa wewe: mwaka 1939 alichaguliwa diwani wa jiji la Chicago. Akiwa na miaka 50 alijiunga na jeshi la wanamaji kama askari wa kawaida, akajeruhiwa Okinawa, na kuanzia 1949 hadi mwanzoni mwa 1967 akawa seneta wa Marekani kutoka Illinois. Mwaka 1960 alipeleka muswada wa kumlazimisha mkopeshaji aseme riba halisi ya mwaka, si kuificha kwenye ada na makato. Kwetu tungeuita muswada wa kupambana na mikopo ya kausha damu. Wenye benki na wenye maduka ya kukopesha waliukalia miaka yote. Alishindwa uchaguzi wa 1966, na sheria ikapita 1968 yeye akiwa nje. Uchumi uliotumika humo ni wa sura ya kwanza ya kitabu chochote cha fedha.

Usidhani basi kwamba cheo cha profesa ni hirizi. Phil Gramm alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Texas A&M kabla ya kuingia siasa za Washington, na mpaka leo watu wanabishana kama sheria za kulegeza masharti ya mabenki alizozisukuma mwishoni mwa miaka ya 1990 zilichangia msukosuko wa fedha wa 2008. Elimu ileile, mwelekeo mwingine kabisa.

Kwetu tumezoea wachumi wanaolenga juu moja kwa moja. Mwai Kibaki aliacha kufundisha Makerere akaenda kujenga chama, akawa waziri wa fedha na hatimaye rais wa Kenya. Profesa Ibrahim Lipumba amegombea urais wa Tanzania mara kadhaa tangu 1995. Sina ubaya na hilo. Lakini mambo ya Groves yanafanyika ghorofa ya chini, na ghorofa ya chini huwa hatuwapeleki wachumi. Hata fao la kukosa ajira lenyewe kwetu liliingia 2018, kwenye sheria mpya ya mifuko ya hifadhi ya jamii, likitoka juu. Na ubishi uliofuata, hasa wa watu waliotaka wachukue michango yao yote wakiacha kazi, ulionyesha kwamba hesabu zake hazikuwa zimezungumzwa vya kutosha na wale zinaowahusu.

Kwa hiyo nenda kagombee, kama kanuni za utumishi za chuo chako zinakuruhusu. Hizo zisome mwenyewe kabla ya kumsikiliza mzee yeyote. Grafu ziache nyumbani, mkeo yuko sahihi. Ukishaapishwa, omba uwekwe Kamati ya Fedha. Kisha tafuta muswada wako wa Huber, yaani jambo ambalo baraza limeshalijaribu likashindwa na kila mtu anajua kwa nini. Ningekuwa wewe ningeanza na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kila halmashauri ina malalamiko juu ya marejesho, na mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima 2023 kabla ya kurudishwa mwaka uliofuata. Usianze na hotuba. Mwombe mweka hazina orodha ya marejesho ya miaka mitatu, kikundi kwa kikundi, na uangalie kwanza waliokopeshwa mwezi ambao biashara yao haina msimu. Mkulima wa mpunga aliyeambiwa aanze kurejesha kabla hajavuna si mwizi. Ratiba yake ndiyo mbaya. Ukiipata hiyo, nenda kwa mwanasheria wa halmashauri na rasimu ya ukurasa mmoja, namba zote zikiwa na dari. Ukikwama kwenye hesabu, niandikie tena.